Kukinga (kukusanya chupani) gesi ya chemchemi za maji moto za Songwe na Rungwe bila kuingiza hewa

Gesi inayobubujika kwenye chemchemi hizi ni kaboni dayoksaidi kwa sehemu kubwa. Kile kidogo kinachobaki (naitrojeni, heliamu, methani) ndicho kinachoeleza gesi ilikotoka, na ndicho kinachoharibiwa kwanza na hewa. Kwa hiyo kazi nzima ni kuizuia hewa.

1. Maabara. Tumia chupa nene ya kioo ya mililita 300 yenye koki ya tefloni. Yeyusha gramu 160 za sodiamu hidroksaidi, ujazo ufike lita 1. Tia kemikali ndani ya maji, kamwe usimwagie maji juu yake. Weka mililita 100 chupani, nyonya hewa kwa pampu hadi myeyusho utokote bila moto, funga, pima uzito. Glavu na miwani ni lazima, myeyusho huu unapofusha.

2. Eneo. Epuka alfajiri isiyo na upepo. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hulala mabondeni. Ukiona ndege au wadudu waliokufa kando ya maji, usishuke. Nendeni wawili, mmoja abaki juu.

3. Faneli. Izamishe pamoja na mrija wake wa silikoni hadi vijae maji, kisha ifunike bubujiko lenye nguvu. Mwisho wa mrija funga kiungo cha T: tawi moja liende kwenye koki, la pili lizame sentimita 5 ndani ya kopo la maji. Acha mapovu yatoke koponi dakika 10.

Hapa ndipo wengi huharibu: mdomo wa koki bado una hewa. Bana tawi la kopo, legeza kiungo cha chupa, gesi ipulize nje kwa muda, ndipo ukaze na kuachia tawi.

4. Kujaza. Fungua koki taratibu huku macho yako yakiwa kwenye kopo. Mapovu yakiendelea, uko sawa. Maji yakianza kupanda kwenye tawi, chupa inanyonya kuliko chemchemi inavyotoa. Punguza mara moja. Tikisa chupa, na ikipata moto ifunike kitambaa chenye maji. Myeyusho huo humeza takriban gramu 8.8 tu za kaboni dayoksaidi, hivyo funga uzito ukiongezeka gramu 5 au 6. Kinga chupa mbili.

5. Heliamu hupenya kioo polepole. Kwa ajili yake pitisha gesi kwenye bomba la shaba, kisha libane kwa vibanio vya chuma: kwanza upande gesi inakotoka nje ya bomba, halafu inakoingilia.

6. Safari. Tukuyu, kwenye mita 1,500 hivi, msukumo wa hewa ni takriban kilopaskali 85; Dar es Salaam ni 101. Koki iliyolegea itanyonya hewa ya pwani njiani, kwa hiyo zikaze zote kabla ya kuteremka. Majibu yakionyesha oksijeni, gawanya naitrojeni kwa oksijeni. Ukipata karibu 3.7, umebeba hewa. Rudi ukakinge upya.