Namna ya Kumhamishia Karama Kasera: kuwaandika upya wahusika wa riwaya ya zamani katika Tanga ya leo

Jaribio langu la kwanza la kumleta Karama, mhusika mkuu wa *Kusadikika*, riwaya ya Shaaban Robert, katika Tanga ya leo lilikuwa jaribio la kubadili mavazi tu. Nilimvisha suti, nikampa simu janja, nikamsimamisha katika mahakama yenye kiyoyozi, kisha nikamsomea dada yangu kurasa nne jikoni kwake Ngamiani huku akikuna nazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono kwa kanga, akasema: "Mdogo wangu, huyu si mtu wa leo. Huyu ni wa zamani kavaa mtumba." Nilizichana zile kurasa, na maelezo yanayofuata yametokana na kazi niliyoifanya baada ya siku ile.

Kwanza isome riwaya mara mbili. Mara ya pili shika penseli, na kwa kila mhusika andika pembeni anataka nini, nani anamzuia, na akishindwa atapoteza nini. Usiandike anavaa nini wala anakaa wapi, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayokupotosha. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alichapisha *Kusadikika* mwaka 1951, wakati akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Nchi anayoisimulia inaelea angani, na wahakiki wengi huisoma kama fumbo juu ya utawala wa siku zile. Karama anashitakiwa na Majivuno, waziri, kwa kosa la kufundisha uanasheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, ambao walirejea na habari za manufaa kwa nchi yao wakaambulia gereza. Penseli yangu iliandika hivi kwa Karama: anataka watu wajue haki zao, anazuiwa na mtu ambaye cheo chake kinalindwa na ujinga wa wengine, akishindwa atapoteza uhai. Kwa Majivuno iliandika neno moja tu, nalo ni hofu.

Sasa lichukue kila jambo la zamani ulijaribu kama mtu anavyojaribu kisu kwa kidole: bado linakata? Shitaka la Karama, kwa mfano, limekwisha makali. Leo sheria inafundishwa vyuoni bila mtu kushitakiwa, na tangu mwaka 2017 nchi yetu ina Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua hata wasaidizi wa kisheria wa ngazi za chini. Ukimshitaki Karama wa leo kwa kufundisha sheria, msomaji wa Chumbageni atacheka. Hapo ndipo waandishi wengi hukata tamaa, ama hulazimisha shitaka lilelile likasimama kwa magongo. Jiulize badala yake ni elimu gani leo, ikifundishwa kwa watu wa kawaida, itamkosesha usingizi mtu mwenye cheo. Jibu nililipata nilipokuwa nikisubiri samaki katika pwani ya Kasera hapa Tanga asubuhi moja: kusoma hesabu. Kwa hiyo Karama wangu hafundishi uanasheria. Anawafundisha wanachama wa chama cha ushirika cha wavuvi kusoma leja ya chama chao, na Majivuno ndiye mwenyekiti.

Baada ya hapo wajumbe sita walinijia wenyewe, maana vyama vyetu bado vinatuma wajumbe: tunaita ziara ya mafunzo. Mmoja anakwenda kuona wenzetu wa pwani nyingine wanavyohifadhi samaki kwa barafu, mwingine anakwenda kujifunza ufugaji wa majongoo bahari, wanarudi na taarifa zilizopigwa chapa, na taarifa zinalazwa kabatini. Inafurahisha jinsi kitu kilichoonekana cha kubuniwa kabisa katika riwaya kilivyo na posho na risiti katika maisha yetu. Lakini pima uzito. Nilipoandika kwamba mjumbe aliyerudi aliadhibiwa kwa kutolewa katika kundi la WhatsApp la chama, nilijicheka mwenyewe, na kicheko hicho kilikuwa dalili ya kosa: gereza halilingani na fedheha ya simu. Nikabadili. Mjumbe wangu anarudi, anasingiziwa kwamba alikula fedha za ziara, analala mahabusu siku tatu, na anapotoka nafasi yake katika boti imekwisha kupewa mtu mwingine. Adhabu ya leo si lazima ifanane na ya zamani kwa umbo. Yapasa ifanane kwa kiasi cha maisha inachokichukua.

Majina ni shughuli nyingine, hasa kwa riwaya ambayo jina la mtu ndilo tabia yake. Karama, na Amini na Fadhili ambao ni wawili kati ya wale wajumbe sita, unaweza kuwakuta katika daftari la mahudhurio la shule yoyote hapa Tanga, na hawahitaji kuguswa. Majivuno haliwezi kuwa jina la kupewa siku ya akika. Lifanye liwe jina la utani ambalo mabaharia wanamwita akiwa hayupo, wakati jina lake halisi linasomwa mara moja tu, katika muhtasari wa kikao. Hivyo fumbo linabaki, nalo linaishi katika vinywa vya watu.

Kipande hiki nimekinakili kutoka katika rasimu yangu:

Karama alifungua mfuko wa nailoni akatoa leja iliyoliwa pembe na chumvi. "Mwenyekiti, kwa heshima yako," alisema, "ukurasa huu unaeleza kwamba mwezi wa Machi tulinunua mashine mbili za boti. Naomba tuonyeshwe zilipo, twende tukazishike kwa mikono." Viti vya plastiki vililia. Mzee mmoja nyuma alicheka peke yake, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa tangu mwanzo. Mwenyekiti alitazama saa, akasema swala ya Alasiri imekaribia.

Tazama kwamba hakuna aliyetaja wizi. Mtu wa Tanga katika mkutano hashambulii uso kwa uso. Heshima ndiyo panga lake, na "naomba" yake inaweza kumtoa mtu jasho. Kwa sababu hiyo sikuona haja ya kumpa Karama lugha ya vijiweni ili aonekane wa leo. Akisimama mkutanoni, sentensi zake ndefu zilizopangwa bado zinaaminika, kwa kuwa ndivyo watu wetu wanavyosema wakishika kipaza sauti. Akiwa botini, maneno yawe mawili matatu, mengine ni ishara ya mkono.

Katika riwaya Karama anajitetea kwa siku sita, na siku hizo zilinipa taabu kubwa, kwani hakuna mkutano wa leo utakaomvumilia mtu mmoja siku sita. Nilifikiria jumbe sita za sauti zinazosambaa simu kwa simu, na huenda njia hiyo ikakufaa wewe zaidi kuliko mimi. Mwishowe nilizigawa habari za wajumbe katika Ijumaa sita, barazani, baada ya swala, kila mara kwa wasikilizaji wachache walioongezeka.

Swali gumu zaidi ni la mfalme. Katika riwaya yeye ndiye mwenye neno la mwisho, na kwa neno hilo Karama anapona. Katika ushirika, mwenye neno la mwisho ni mkutano mkuu wa wanachama. Mfalme wangu basi ana vichwa vingi, baadhi vinadaiwa na mwenyekiti, baadhi vimesinzia. Badiliko hili lilinilazimu kuandika upya sura yote ya mwisho, kwa kuwa hukumu sasa ni mikono inayonyanyuliwa mmoja mmoja, na mkono wa kwanza una gharama kuliko wa arobaini. Niliutoa mkono wa kwanza kwa mjumbe aliyelala mahabusu.

Kabla hujamwonyesha mtu kazi yako, pitia kila mhusika ukiuliza kama anaweza kutambulikana kuwa jirani fulani aliye hai. Shaaban Robert aliitundika nchi yake angani. Wewe umeishusha mpaka Kasera, ambako kila mtu anamjua kila mtu. Mwenyekiti wangu alikuwa na kovu shavuni. Nililifuta, nikampa miwani.