Kabla hamjaitisha kongamano la tabianchi Dodoma

Fulana zisubiri. Mgeni rasmi naye asubiri, maana siku yenyewe ni yeye atakayewasubirisha ninyi. Anzeni na tarehe, na Dodoma tarehe haipangwi kwa kalenda ya chuo peke yake.

Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Miezi hiyo mji hujaa wabunge, madereva wao, maofisa wa wizara na waandishi wa habari, na bei ya gesti uliyoizoea Februari unaisahau. Tulilijua hilo. Bado tukaweka kongamano katikati ya Mei, kwa sababu ukumbi tulipewa bure. Nikaenda mwenyewe kwa mama mmoja mwenye gesti, nikaomba vyumba kumi na vinne, akaandika jina langu kwenye daftari, nikaondoka kifua mbele. Malipo yangekuja hundi ya chuo ikitoka.

Wageni wakashuka treni ya SGR usiku, mabango yao yamezungushwa kwenye mirija begani. Tunafika gesti, kila dirisha lina taa. Mama akatoka na khanga mabegani, akanifunulia lile daftari. Jina langu lipo, limepigwa mstari, na juu yake yamebanwa majina mengine na neno "kalipa".

"Mwanangu, ulisema utakuja. Hukusema utalipa."

Sikuwa na la kujibu. Wasichana tuliwalaza wawiliwawili kwenye vitanda vya hosteli, wavulana kwenye magodoro chumba cha semina. Asubuhi mtoa mada wa kwanza, kijana aliyetoka Mbeya, alieleza mwenendo wa ukame huku alama ya zipu ya begi ikiwa shavuni.

Kwa hiyo lipeni kianzio mapema, hata kwa kuchangishana. Chukueni risiti. Pigeni simu wiki moja kabla, kisha siku moja kabla. Hela ya chuo hupita kwenye sahihi nyingi; iombeni miezi mitatu kabla na msiihesabu mpaka imeingia.

Mawasilisho yakusanywe jana yake, kwenye kompyuta moja. Foleni ya flashi inakula dakika na kugawa virusi. Jenereta ijaribiwe ikiwa imebeba projekta na spika, msiridhike kwa kuisikia ikinguruma. Kubalianeni mapema kama mtu anaruhusiwa kuwasilisha kwa Kiswahili.

Mkikimbilia Julai au Agosti kulikwepa Bunge, mtakutana na upepo. Mabango yakae ndani. Turubai la nje msilitegemee. Wageni wa Pwani waambieni waje na sweta, watacheka halafu watawashukuru. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni mvua. Kwa mwaka mzima haivuki sana milimita 600, ila ikishuka inashuka kwa kishindo, na korongo mlilovuka asubuhi likiwa kavu jioni haliwapitishi.

Hilo lizingatiwe hasa kwa ziara ya Kondoa. Mnaotaka kuonyesha mmomonyoko wa udongo na maeneo ulikofanya kazi mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973, ondokeni alfajiri: kwenda tu ni zaidi ya kilomita 150, na lazima atatokea mtu wa kutaka mfike Kolo kwenye michoro ya miambani. Hesabuni watu kila mnaposhuka. Dereva asipewe posho yote asubuhi.

Betri za maiki. Dawa za kichwa. Mtu wa kushika funguo za choo cha ukumbi. Na mmoja asipangiwe kazi yoyote, awe wa kutumwa.