Programu ya Kupanga Picha: Angalia Kwanza Lebo Zinaandikwa Wapi

Wengi huchagua programu ya picha kwa sura yake. Anza na swali jingine: majina, lebo, maelezo na nyota utakazoweka zitaandikwa wapi? Programu nyingine huziandika ndani ya faili la picha lenyewe. Nyingine huziweka kwenye hifadhidata yao tu. Hizi za pili hazina tatizo mpaka siku unapohama: picha zinakwenda, lebo zinabaki. Google ilipoacha kuihudumia Picasa, programu yake ya picha ya kompyuta, mwaka 2016, maelezo yaliyokuwa ndani ya faili za picha (JPEG) yalisalimika, lakini albamu zilizokuwa kwenye hifadhidata ya Picasa ziliwasumbua wengi.

Usisome matangazo, jaribu mwenyewe. Nakili picha 200 kwenye folda mpya: nyingi za simu, 30 hivi za WhatsApp, chache za HEIC kutoka iPhone, na faili ghafi za kamera (RAW) kama unazo. Zipe lebo picha kumi za JPEG, funga programu, kisha nakili hizo kumi kwenye folda nyingine. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri) ndani ya folda hiyo na uandike:

exiftool -Subject -Keywords *.jpg

ExifTool ni programu ndogo ya bure ya kusoma maelezo yaliyo ndani ya picha; iweke kwanza kwenye kompyuta. Lebo zikijitokeza, zimo ndani ya faili. Usipoona kitu, usiiache programu hiyo papo hapo. Pitia mipangilio yake kwanza. Shotwell ya Linux na Lightroom Classic zote zina chaguo la kuandika lebo kwenye faili, ila ni wewe wa kuliwasha.

Kwa mkusanyiko mkubwa, digiKam ndiyo tunayoipendekeza: ni ya bure, inatumika Windows, Linux na macOS, na inatambua sura za watu bila kutuma picha mtandaoni. Kwenye mipangilio, sehemu ya metadata (maelezo yanayoambatana na picha), hakikisha lebo, maelezo na nyota vimewekewa alama ya vema. Faili ghafi ni bora zisiguswe. Ruhusu faili la pembeni la .xmp, yaani faili dogo linalokaa kando ya picha na kubeba lebo zake. Hapo kuna mtego: digiKam huliita IMG_2041.CR2.xmp, Lightroom hutafuta IMG_2041.xmp. Ukitumia zote mbili, zitakuwa hazisomani mpaka ubadilishe chaguo la majina kwenye digiKam. Hifadhidata yake ya SQLite iweke kwenye diski ya ndani, kamwe si kwenye folda ya mtandao, maana huko inaweza kuharibika. Kompyuta ikiwa dhaifu, utambuzi wa sura uachie usiku.

Kama shida yako ni kutazama na kubadilisha majina tu, digiKam ni mzigo usio na haja. XnView MP husoma folda zako zilivyo, na kwa matumizi binafsi hulipi. IrfanView ni nyepesi zaidi, lakini ni ya Windows.

Google Photos hutafuta vizuri kuliko zote hizi. Hata hivyo GB 15 za bure unazigawana na Gmail na Drive, na picha 5,000 za MB 4 zitakula GB 20 za bando kuzipandisha tu. Siku ya kuzishusha zote kwa Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako, maelezo mengi huja kwenye faili za JSON (faili za maandishi) kando ya picha.

Picha za WhatsApp zina ugonjwa wao: tarehe ya kupigwa hufutwa, kwa hiyo hupangwa ovyo. Jina kama IMG-20230415-WA0007 bado limebeba siku. Kifaa cha kurekebisha muda cha digiKam kinaweza kuisoma kutoka kwenye jina, ingawa mara nyingi hiyo ni siku picha ilipopokelewa, si ilipopigwa.

Baada ya kuchagua, hamisha picha ndani ya programu hiyo, si kwa kidirisha cha faili. Ukizihamisha nje yake, programu hupoteza zilipo: Lightroom, kwa mfano, itakuonyesha alama ya kukosekana. Na kabla ya kuiruhusu kuandika kwenye picha halisi, nakili mkusanyiko wote kwenye diski ya nje, kisha ichomoe.