Kula Papai, Nanasi na Ndimu Pamoja na Mlo

Mpishi wa pwani anayeipaka nyama ya mishikaki papai bichi lililosagwa huianzisha, pengine bila kujua, kazi ambayo tumbo lingeifanya baadaye, kwa kuwa utomvu wake una kimeng'enya kiitwacho papaini, kinachovunja protini. Tumia kijiko kimoja au viwili kwa kilo ya nyama, na usiilaze usiku kucha, la sivyo italainika mno. Papai bivu lina papaini kidogo tu. Msaada wake ni maji na nyuzinyuzi. Nanasi lina kimeng'enya cha aina hiyo, ila la kopo, kwa kuwa limepashwa moto, limekwisha kupoteza nguvu hiyo. Na nanasi lisilopikwa likichanganywa na maziwa huyafanya machungu yakikaa.

Kwa maharage au mchicha, kamulia ndimu mezani, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Wapo wanaosisitiza kwamba tunda liliwe kabla ya chakula tu. Tumbo lenye afya halihitaji sharti hilo, ingawa mwenye kiungulia afadhali ajiepushe na nanasi na machungwa usiku.