Kupiga hesabu ya maltikasti kabla runinga hazijaganda

Hoteli moja ya Nyali iliniita usiku wa mechi. Runinga 40 za vyumbani zimeganda, na mgeni kateremka hadi mapokezi na rimoti mkononi. Meneja akalaumu mpira: watu wengi mno wanatazama. Hesabu ilisema vingine. Runinga hizo zilipokea picha kwa maltikasti: chaneli hutumwa mtandaoni mara moja tu, na kila runinga inayoitaka hupata nakala.

Hatua ya 1: pima chaneli moja. Tuseme picha ni megabiti 4 kwa sekunde. Pakiti moja (furushi la data) hubeba vipande 7 vya baiti 188, jumla 1,316, kwa hiyo zapita pakiti 380 kila sekunde. Ukiongeza vichwa (maelezo ya anwani yanayotangulia data) na nafasi kati ya pakiti kwenye waya wa Itheneti, kila pakiti hula baiti 1,382 za waya. Andika 4.2, usiandike 4.

Hatua ya 2: hesabu chaneli zinazotazamwa, wala si runinga. Utamu wa maltikasti uko hapa: wageni 20 wa chaneli moja hupita kwenye waya mkuu kama mgeni mmoja. Ikiwa p ni uwezekano wa runinga moja kuwa kwenye chaneli fulani, uwezekano wa chaneli hiyo kuhitajika ni 1 − (1 − p)^40. Jumlisha chaneli zote. Chaneli 30 zikipendwa sawasawa, utapata kama 22, yaani megabiti 94. Nusu ya wageni wakiwa kwenye mpira, zinashuka hadi 15 na nusu, megabiti 65. Mechi hupunguza mzigo! Mimi hupanga kwa ile 94.

Hatua ya 3: kagua kila poti (tundu la waya kwenye swichi) peke yake. Swichi, kifaa kinachogawa data kwa runinga, isiposikiliza IGMP (ujumbe wa runinga wa kuomba au kuacha chaneli), humwaga chaneli zote kila mahali. Mchana ule walikuwa wametoka chaneli 20 hadi 30: megabiti 84 zikawa 126, na poti za runinga ni za megabiti 100. Mkosaji ndiye huyo.

Hatua ya 4: upotevu. Kila runinga ikipoteza pakiti 1 kati ya 1,000, runinga 40 za chaneli moja zina 1 − 0.999^40: karibu pakiti 4 kati ya 100 zitakosekana kwa angalau mmoja wao. Fomyula hii inadhani kila mtu anapoteza kivyake. Pakiti ikidondoka kwenye waya mkuu, wote wanaikosa kwa mpigo, kwa hiyo pima waya mkuu peke yake, na waya wa kila runinga peke yake. Wi-Fi nayo ina hesabu yake. Hapo maltikasti hutumwa kwa kasi ya chini na bila kuthibitishwa.

Hatua ya 5: jaribu kwa dakika tano, zisiwe mbili. Niliwasha usikilizaji wa IGMP, picha zikarudi, nikakunja vifaa. Sijafika langoni simu ikalia: zimezima tena. Sikuwa nimeweka muulizaji wa IGMP (kifaa kinachouliza kila mara nani bado anataka chaneli), na asipokuwepo, kwa mipangilio ya kawaida swichi humsahau mwanachama, yaani runinga iliyoomba chaneli, baada ya sekunde 260.