Gundi ya mashine ya boti: nunua ile itakayokubali kufunguka

Kabla hujatoa pesa dukani jiulize kwanza hiki kifuniko cha mashine ntakifungua tena lini, manake boti ikifanya kazi ya maji ya chumvi hapa kwetu pwani ya Kenya, iwe Mtongwe, Tudor ama kule Mtwapa, kufungua utafungua tu, impela, ile feni ya mpira ya pampu ya maji, itaisha, thamostati, ile vali ya kupima joto la maji ya kupoza, itajaa chumvi, na siku hiyo ndo utajua kama ulipaka gundi ama ulipiga weldingi.

Mi nilifunzwa na kifuniko cha thamostati. Fundi alikuwa amejaza silikoni ya kawaida, ile ukifungua tyubu inanuka siki, basi mashine ikawa inatema maji ya kupoza kidogokidogo pale nyuma halafu inachemka. Kufungua, bolti mbili zikakatikia ndani, na kwenye njia ya maji nikavuta kipande cha silikoni kirefu kama tambi. Ile harufu ya siki ni asidi wakati gundi inakauka, inakula alumini, na mashine zetu karibu zote ni alumini, kwa hivyo ukiisikia hiyo harufu rudisha tyubu dukani bana.

Sasa ununue nini? Kwa vifuniko vyenye gasketi ya karatasi, ile ya kuziba kati ya vyuma viwili, mi napenda zile zisizokauka kabisa. Hylomar ya bluu inabaki laini miezi na miezi, haiogopi petroli wala oili, na ukitaka kufungua kifuniko kinaachia bila vita. Permatex Aviation namba 3, ile ya kahawia ya kupaka kwa brashi, pia nzuri, na mabaki yake unafuta na spiriti. Silikoni hata iwe ile isiyo na siki usiipeleke karibu na kabureta, petroli inaivimbisha inakuwa kama jeli halafu vipande vinaingia kwenye jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli. Na kama kitabu cha mashine kinasema gasketi ifungwe kavu, funga kavu, usiongeze ujuzi wako hapo.

Gundi ya 3M 5200 wacha ikae kwa bodi ya boti, ile ni ya kudumu, usiiguse mashine nayo.

Gundi za kushikilia nati zisilegee ni mambo mengine. Loctite 243 ya bluu inafunguka na spana ya kawaida, lakini 271 nyekundu mpaka uipashe moto sana, na ukipasha moto karibu na sili za mpira umeziharibu. Chukua bluu.

Kupaka sasa, hapa ndo watu wanakosea sana. Toa gundi ya zamani kwa kipande cha mbao ama plastiki, si bisibisi, mkwaruzo mmoja kwenye alumini ni njia ya maji. Futa na thina mpaka kitambaa kitoke safi, subiri pakauke, halafu paka nyembamba kama rangi ya kucha, zunguka kila tundu la bolti. Ikifurika nje ujue na ndani imefurika vilevile, na huko ndani huwezi kufuta. Bolti zenyewe zipake grisi ya baharini kwenye nyuzi kabla hujazirudisha, kaza kwa msalaba kidogokidogo, zile za kukauka zipe saa 24, ndo ushushe boti.