Kumuaga mbwa wa nyumbani katika mji wa mawe: namna ya kuandaa kumbukumbu yake Goma

Kwa mkazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, maneno ya kumuaga mbwa huja baadaye. Kinachotangulia ni shimo. Sehemu kubwa ya mji wetu imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na katika mitaa iliyofunikwa na lava ya tarehe 17 Januari 2002 udongo ni kitu cha kununuliwa kwa magunia. Kwa sababu mwili wa mnyama haungoji (najua Kiswahili husema mzoga, lakini wenye lugha wanisamehe leo), shughuli yote inafaa ikamilike siku ile ile au kesho yake asubuhi.

Ikiwa mnyama alibadilika tabia kabla ya kufa, akatokwa na mate mengi, akalegea taya au akauma watu bila kuchokozwa, weka kando habari ya kumbukumbu kwanza. Kichaa cha mbwa bado kipo kwetu. Usimguse kwa mikono mitupu, mwite daktari wa mifugo, na yeyote aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kutafuta chanjo, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo.

Kama wewe ni mpangaji, mwombe mwenye parseli (kiwanja) ruhusa kabla mtarimbo haujagusa jiwe. Chagua pembe iliyo mbali na tangi la maji ya mvua na msingi wa ukuta, wala usikubali shauri la kuutupa mwili ziwani, maana wengi wetu huchota humo maji ya nyumbani. Shimo la mita moja hivi linatosha kuwazuia mbwa wengine wasifukue. Lava ina nyufa nyingi ambamo maji hupenya upesi, kwa hiyo tandika udongo chini kabla ya kumlaza. Na pale mwamba unapokataa kabisa, ongeza kimo badala ya kina, yaani agiza magunia kadhaa ya udongo kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma), ufunike vizuri, kisha upange mawe makubwa juu yake kwa kuyafungamanisha, kama mafundi wetu wanavyopanga kuta za nyua. Mfunge mnyama kwa shuka la pamba au kitenge kikuukuu. Bache (turubai) na mifuko ya plastiki havifai, kwa kuwa haviozi. Kwa paka, au kwa dende (simbilisi) ambaye mtoto alikataa asichinjwe, kazi ni hiyo hiyo, ila jasho ni kidogo.

Sasa kumbukumbu yenyewe. Ningeshauri iwe ndogo, ya mchana, ndani ya ua, na wawepo wale tu waliomjua mnyama kwa jina. Mji huu umezika watu wengi, na huenda jirani yako bado yumo katika matanga ya mwanawe. Akikuta umepanga viti na kuimba nyimbo za msiba kwa ajili ya mbwa, ataona unamdhihaki, na hatakuwa amekosea. Usiiite matanga, usichangishe fedha, wala usimtie padri, mchungaji au shehe katika aibu ya kuombwa ibada ambayo iliwekwa kwa ajili ya watu. Jirani akiuliza, mjibu kwa heshima: “Mama, tunamzika mbwa wetu, watoto walimpenda.” Mara nyingi utasikia pole ya kweli kutoka upande wa pili wa ukuta.

Shimo lichimbwe mapema, ili watoto wasisimame wakingojea mtarimbo. Waambie kwamba mbwa amekufa, si kwamba amelala wala amesafiri, kwani mtoto aliyeambiwa amelala atakuja kesho kumwamsha. Mwili ukishalazwa, kila mmoja atupe konzi ya udongo, kisha aeleze jambo moja aliloliona kwa macho yake. Sifa za jumla, kwamba alikuwa mwema na mwaminifu, humfaa mbwa yeyote na kwa hiyo hazimkumbuki yeyote.

Tulipomzika Simba wetu, aliyeishi nasi miaka 11, tulikuwa watu sita. Binti yangu mkubwa alisimulia tarehe 27 Mei 2021, tulipoamriwa kuhama baada ya volkano kulipuka, na jinsi mbwa alivyotembea nasi hadi Sake, takriban kilomita 25, akigeuka kila mara kana kwamba anatuhesabu. Mlinzi wetu alikiri kwamba katika usiku wa mvua yeye ndiye aliyelala na Simba ndiye aliyekesha. Tulicheka sana, na baada ya kicheko hicho ndipo mke wangu alipoweza kulia. Mdogo, mwenye miaka mitano, hakusema neno. Aliweka vichwa vitatu vya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, katika bakuli la aluminiamu lililobonyea upande mmoja, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kumlisha kwa siri chini ya meza. Hatukumharakisha. Yote yalichukua nusu saa, kisha tukanywa chai.

Alama ya kaburi inaweza kuwa jiwe moja lililopakwa chokaa na kuandikwa jina. Ukitaka mmea, shubiri huvumilia mawe, ilhali mparachichi utadai udongo ambao huna.

Vyombo vyake usiviondoe siku hiyo, watoto watauliza. Lakini ikiwa alikufa kwa kutapika na kuhara damu, osha bakuli, mnyororo na sakafu kwa maji ya javeli (dawa ya klorini), kwa kuwa virusi vya parvo hukaa katika udongo kwa miezi, na usilete mbwa mchanga katika ua huo kabla hajamaliza chanjo zake zote.